Dosya ya kazi isilale mu ordinatere moja



Leo tunataka kusema juu ya jambo lenye wengi wanawazaka kama ni la watu wa biro tu: namna ordinatere mingi zinaweza kutumia diski moja kupitia rezo. Tunasema tangu mwanzo fasi yenye tunasimama. Dosya ya mutumikaji haipaswe kulala mu ordinatere moja, mu biro moja, na funguo kwa mutu mumoja. Sindika zetu, mutuele zetu, komite za wazazi ku masomo, kooperative za wachimbaji, wote wanaweza kuwa na diski ya pamoja, na bei yake haiko ya kuogopesha. Kama hawana, feza haiko peke yake njo inakosa. Mara mingi kuko mutu mwenye anapenda mambo yabakie vile yako.

Tuanze na dosya yenyewe. Mutu anaingia kazi akiwa kijana, anatoka akiwa na mvi. Katikati amepita mu kampani tatu ao ine. Ya kwanza ilimuandika vizuri. Ya pili ilikuwa kampani ndogo yenye kupewa kazi na kampani kubwa, ile tunaitaka sutretansi. Ya tatu ilibadilisha jina mara mbili mbele ya kufunga. Siku anaenda kuomba pensio, CNSS, ile wazee wangali wanaita INSS, inataka kuona miaka ya kazi na feza zenye zilikatwa ku mushahara. Kama alama ya miaka 8 inakosa, ile miaka 8 inageuka hadithi ya kusimulia wajukuu. Wenzake wa poste wanaweza kushuhudia, ndiyo, lakini hata wao wanazeeka, wengine wanahama, wengine wanakufa.

Tena kuko ule ugonjwa wa mapafu wenye unatoka mu vumbi ya mawe, wamunganga wanauita silikozi. Hauna haraka. Mutu anaweza kupumua vumbi miaka mingi, aache kazi, akae miaka 10 hata 20, kisha kifua kianze kumukata. Siku ile munganga atauliza: ulitumika wapi, mu vumbi gani, miaka ngapi? Sasa mufanye hesabu. Diski yenye kuzunguka ndani ya ordinatere, mara mingi inaanza kuchoka kisha miaka 4 ao 5. Kuko zenye zinapita 10, lakini mutu mwenye akili hatii tumaini lake pale. Ugonjwa unaishi kuliko mashini. Kama hakuna mutu anahamisha ile dosya kutoka diski ya zamani kuenda ku mupya, kwa mupango, kila mara, mugonjwa atafika mbele ya munganga na maneno ya kinywa tu.

Wazee wanakumbuka wakati wa karatasi. Union Minière, yenye ilianzishwa mu 1906, iliandikaka watu ku fishe, na fishe zililala mu makabati ya chuma. Serikali ikakamata migodi mu 1967, kisha jina Gécamines likaja, na karatasi ikaendelea. Karatasi ilikuwa na ubaya wake: panya, maji, moto. Lakini kabati la chuma hakuna mutu angeliweza kulitia mu mufuko wa koti. Mu 2003, wakati watumikaji zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa ule mupango wa depar volontere, na feza za Benki ya Dunia, wengi kati yao walibishana miaka mingi juu ya hesabu ya mwisho. Mu mabishano ya namna ile, mwenye karatasi njo anasemaka kwa sauti. Mwenye hana anasikilizaka.

Leo dosya haiko tena mu kabati, iko mu ordinatere ya mukatibu. Delege anaomba liste, mukatibu anaitia mu flashi, flashi inatembea mu mufuko, inaingia mu ordinatere ya delege, delege anaongeza majina 6. Mwenye kuchunga feza anakamata kopi ingine, anafuta majina 2 ya wenye walikufa. Kisha mwezi mumoja kuko liste tatu, na hakuna mutu anajua ya kweli ni gani. Mama anakuja kuomba musaada wa kilio, wanamwambia jina la bwana yake halimo. Limo! Lakini limo mu flashi ya mutu mwenye alienda Likasi.

Diski ya pamoja inamaliza ile mambo hivi. Unakamata ordinatere moja yenye haizimike, ao kisanduku kidogo chenye kilitengenezwa kwa kazi ile, unatia diski ndani, unaifunga ku zingine na waya ya rezo kupitia kisanduku cha kugawanya waya. Sasa kila ordinatere ya biro inaona ile diski kama ni yake. Ukiandika jina pale, mwenzako wa chumba kingine analiona. Liste inabakia moja. Mukiifungua watu wawili kwa wakati moja, mashini inamwambia wa pili: ngojea, mwenzako iko ndani, soma tu, usiandike. Haiombe intaneti. Haiombe mega. Waya, ile ya shaba, njo inabeba kila kitu.

Wazo haliko la jana. Mwanzo wa miaka ya 1980 diski ilikuwa kitu cha bei sana, na kununua moja kwa kila ordinatere kulishinda watu. Mu 1984 kampani Sun Microsystems, kule California, ikatengeneza programu yenye ilifanya ordinatere ifungue fishiye za diski ya ordinatere ingine kama vile ni zake. Kulikuwa mashini zenye hazikuwa na diski ndani hata kidogo, zilikula paka ku diski ya jirani. Upande wa ordinatere ndogo za biro, IBM na kisha Microsoft walikuwa na luga yao ingine ya kufanya kazi ile ile. Zile luga mbili hazikusikilizana. Mwisho wa 1991, mwanafunzi mumoja wa Canberra, mu Australia, jina lake Andrew Tridgell, alitaka ordinatere yake ndogo isome diski ya mashini kubwa ya Unix. Akaandika programu mwenyewe. Kisha akatafuta mu orodha ya maneno neno lenye kuwa na herufi S, M na B, akaangukia Samba, na jina likabakia.

Tunasimulia ile juu ya sababu moja: Samba hailipishwe. Hata leo ordinatere ya zamani yenye iko ku kona ya biro, na programu za bure, inaweza kuwa kabati ya sindika nzima. Kijana wa muji mwenye alisoma enformatike anaweza kuipanga kwa siku moja ao mbili. Kununua ni diski mbili mupya, waya na kile kisanduku. Kuko ma kilabu yenye televizyo yao inapita bei ile.

Na diski yenyewe si mugeni kwetu. Juu ya sahani za diski yenye kuzunguka kuko tabaka ya madini, nyembamba kuliko unywele mara maelfu, yenye kuchanganya kobalti, krome na platini. Njo mule kila herufi inashikwa, kwa nguvu ya sumaku. Congo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia yote. Kiasi chenye kinaingia mu diski ni kidogo sana, tusidanganyane, batri njo zinakula mingi. Lakini inatuuma kuona mutu mwenye alichimba kobalti miaka 20 anakosa fasi moja yenye jina lake limeandikwa sawasawa juu ya ile kobalti.

Sasa tufike ku mambo ya funguo, juu pale njo watu wanagombanaka. Kugawana diski haimaanishe kila mutu afanye yenye anataka. Wamama wa likelemba wanajua ile kuliko sisi. Daftari iko wazi, kila mumoja anaweza kuangalia nani ameisha kupokea na nani anabakia. Lakini mwenye kuandika ni mumoja, na mwenye kuchunga feza ni mwingine. Ku diski ni vile vile. Kila mutu anapewa jina lake na neno la siri lake, na mashini inajua: huyu anasoma tu, huyu anaandika, huyu anaweza kufuta. Liste ya memba, mapatano na kampani, hesabu ya mutuele, ripoti za asemble, wote wasome. Deklarasyo ya aksida: mwenyewe, delege na mukatibu. Karatasi za lupitali: mutu na munganga wake, basi. Jirani hana haki ya kujua Baba fulani anameza dawa gani. Ile sheria ya 13 Machi 2023 juu ya mambo ya numerike inalinda maelezo ya mutu binafsi, lakini hata bila sheria, ile ni heshima ya kawaida.

Sisi tungeenda mbali kidogo. Haki ya kufuta, asipewe mutu mumoja peke yake. Neno kubwa la siri, lile lenye kufungua yote, liandikwe ku karatasi, litiwe mu bahasha, bahasha ifungwe na sahihi za watu wawili juu, na ichungwe na mutu wa tatu mwenye haiko mu komite. Mandati ya komite ikiisha, neno linabadilishwa mbele ya asemble. Tunajua kuko wakubwa wa sindika wenye hawatafurahi. Ordinatere iko kwao ku nyumba, ku salon, na kitambaa juu yake. Mutu akikuja: "Dosya yako iko, rudia kesho." Kesho inakuwa juma yenye inakuja. Kwa namna ile mutu anajitengenezea kiti na karatasi za wenzake, na tunaona inafaa kuisema kwa kinywa wazi. Na akikufa? Mukatibu ni mutu kama wengine. Akikufa na neno la siri mu kichwa, jamaa watauza ordinatere kusudi walipe deni za kilio, na mwenye ataiuza kwao atafuta yote kusudi atiemo filme.

Kuko wenye watatuuliza: "Lakini kampani iko na serveri kubwa, juu ya nini tujitese?" Tunakubali, kampani kubwa ziko na mashini za nguvu, na watu wa kuzichunga usiku na muchana. Ni kazi yao kuandika, na hatuseme waache. Lakini diski yao ni yao. Kontra ya sutretansi ikiisha, ordinatere zinapakizwa mu pikapu, zinaenda, na watumikaji wanabakia ku mulango wanaulizana dosya iko wapi. Sindika haiombe kuingia mu siri za kampani. Inaomba kuchunga kwake kopi ya kila kitu chenye mutumikaji alipewa ao alitia sahihi: kontra, karatasi ya mushahara ya kila mwezi, deklarasyo ya aksida, barua ya kusimamishwa. Vile vyote ni vyake tayari.

Wengine, zaidi vijana, wanasema tutie vyote ku intaneti, "mu mawingu". Yale mawingu ni diski tu, diski za watu wengine mu inchi zingine, na mara mingi kukodisha kunalipwa kwa dolari, mwezi kwa mwezi. Kama kopi ya tatu, hatukatae. Kama kopi moja tu, hapana. Tukumbuke uchaguzi wa 30 Desemba 2018. Kesho yake intaneti ilikatwa mu inchi nzima, na ilikaa karibu siku 20 bila kurudia. Mwenye dosya yake ilikuwa mbali, ilibakia mbali. Mwenye alikuwa na diski ku biro aliendelea kuandika kama kawaida.

Kwa wachimbaji wa mukono tuko na neno fupi. Mabishano ya ku depo munayajua: kilo ngapi, na tenere gani, ni kusema madini kiasi gani ndani ya jiwe. Mununuzi anaandika mu daftari yake, muchimbaji anabeba namba mu kichwa. Kooperative yenye ingetia ku diski ya pamoja uzito, tenere na bei ya kila siku, kila depo, ingekuwa kisha miezi mitatu na kitu cha kutia juu ya meza. Leo kila timu inajua paka yake, na mununuzi njo mutu peke yake mwenye anajua ya wote. Ni vile vile kwa vijiji vyenye viko karibu na migodi: Kodi ya Mine yenye iligeuzwa mu 2018 inaomba kampani itoe 0.3 kwa 100 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji. Komite yenye inafuata ile feza, mapatano yake yenye sahihi yako ku ordinatere ya nani?

Neno la umeme, tunalijua wote. Ukikatika wakati diski inaandika, fishiye inaweza kubakia nusu. Inaomba onduleri, ile kisanduku yenye batri ndani, yenye inawapana dakika chache za kufunga mashini polepole. Bila ile, heri musianze.

Lakini umeme wenye kukatika uliisha kuokoa kampani moja kubwa ya dunia, na ile habari tunaipenda sana. Kontenere za Maersk munazijua, zinapitaka ku barabara ya Kasumbalesa juu ya makamyo. Tarehe 27 Juni 2017 virusi moja, yenye waliita NotPetya, ilitoka Ukraine kupitia programu ya kuandika hesabu, ikaingia mu rezo ya Maersk na kupita kutoka mashini moja kuenda ingine mu inchi zote. Ordinatere zilizima moja kwa ingine, ku biro na ku ma poro. Mukubwa wa baraza ya Maersk alieleza mwenyewe kule Davos, mu Januari 2018: iliwaomba kutengeneza upya serveri 4,000 na ordinatere 45,000 kwa siku 10. Hasara, kampani ilisema, ilikuwa kati ya milioni 250 na 300 za dolari.

Sasa musikilize. Maersk ilikuwa na mashini karibu 150, mu fasi mbalimbali za dunia, zenye zilichunga liste ya nani ni nani na nani anaweza kufungua mulango gani. Kila moja ilikopi ku zingine kupitia rezo. Waliwaza kama moja ikikufa, zingine zitabakia. Kumbe zote zilikuwa zimefungana, na zote zilifutwa. Yote, isipokuwa moja. Ile ilikuwa Ghana. Kule umeme ulikuwa umekatika mbele ya virusi kufika, mashini ikawa inje ya rezo, na liste yote ikabakia nzima ndani yake. Rezo ya Ghana ilikuwa nyembamba sana kwa kutuma vitu vya uzito ule mpaka Uingereza, na watumikaji wa pale hawakuwa na viza. Mumoja wao akapanda ndege mpaka Nigeria, akapana diski kwa mwenzake ku uwanja wa ndege, na ule njo aliipeleka London. Kampani ya mabilioni ilirudia kusimama juu ya diski moja yenye ilibebwa mu mukono, kama vile sisi tunatumaka paketi kwa dereva wa bisi.

Kwa hiyo diski ya pamoja peke yake haitoshe. Mafundi wengine watawauzia kisanduku chenye diski mbili zenye kuandika sawasawa kwa wakati moja, na watasema: "Sasa muko salama." Ni kitu kizuri. Watafiti watatu wa Berkeley, Patterson, Gibson na Katz, walieleza wazo lile tangu 1988, na diski moja ikikufa, ingine inaendelea. Lakini mutu akifuta liste kwa haraka, inafutika ku zote mbili dakika ile ile. Mwizi akibeba kisanduku, amebeba zote mbili. Virusi nayo vile. Mwezi mumoja na nusu mbele ya ile ya Maersk, tarehe 12 Mei 2017, virusi ingine, WannaCry, ilipita mu inchi zaidi ya 150, na ilisimamisha lupitali mingi kule Uingereza. Mulango wenye ilitumia ulikuwa ule ule wa kugawana diski, mu Windows. Microsoft ilikuwa imeisha kutoa dawa yake tangu Machi, lakini watu wengi hawakuitia. Kijana wenu wa enformatike alipwe pia kwa ile kazi ya kuzipa mashini programu mupya, si paka siku ya kufunga waya.

Kopi yenye inaokoa ni ile yenye haijafungwa ku rezo. Diski ya mukono, ile ndogo ya kubeba. Kila Siku ya Posho mutu anaichomeka, inajaza, anaichomoa, na inaenda kulala fasi ingine: ku paroasi, ku nyumba ya muzee mumoja mwenye wote wanamuheshimu, fasi yoyote yenye moto wa biro hauwezi kuifikia. Heri ziwe mbili, zenye zinapokezana, moja inaingia na ingine inatoka. Na mara moja kwa mwezi, mutu afungue ile kopi ku ordinatere ingine na atafute jina moja la kweli, tuseme jina la mutumikaji mwenye aliingia 2009, aone kama dosya yake inafunguka na inasomeka. Ile kazi watu wanaiachaka juu inachokesha. Inakamata dakika 10.

Wamama, ninyi tunawaombea jambo moja. Karatasi ya mushahara yenye bwana analeta, isifungie karanga. Piga picha na telefone, muchana, karatasi ikiwa imelala sawa juu ya meza, kusudi tarehe na namba zisomeke. Picha zile, mukatibu anaweza kuzitia ku diski ya pamoja mu dosya ya bwana, na karatasi yenyewe irudie mu valize. Siku baba hayuko tena, mjane njo anaenda ku CNSS, hakuna delege anaenda kwa fasi yake. Kwa hiyo mama ajue mbele dosya iko wapi, na ku asemble ya kupanga funguo za diski, wamama wawe mule ndani. Tumesikia wanaume wakisema haiko mambo yao. Ni yao kuliko ya mutu yeyote.

Na kama sindika ao mutuele yenu iko na feza ya kununua kitu kimoja tu mwezi huu, tungeanza na ile diski ya mukono, mbele ya waya na kisanduku. Muitie vile viko mu ordinatere ya mukatibu leo, hata kama viko shagalabagala: kwanza kontra na deklarasyo za aksida, kisha karatasi za mushahara, kuanza na za watu wa sutretansi, juu hao njo biro yao inaweza kuhama bila kuaga. Ifanywe mbele ya watu, na mukatibu mwenyewe akiwa pale. Rezo itakuja mwezi mwingine.